Majani Ambayo Mbuzi Hawakuyagusa

Mwezi wa nane 2015 nilikuwa na dola 3,800 ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ilikuwa likelemba, mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, ya miaka minne na wenzangu wa soko la Virunga hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Nilikuwa nimechoka kupanga. Nyumba ya wazazi wangu kule Birere ilizikwa na lava tarehe 17 Januari 2002, na tangu siku ile nimeishi maisha ya garanti: miezi mitatu mkononi mwa mwenye nyumba, siku akiamka vibaya anapandisha bei, nawe unabeba masufuria yako. Nilihama mara sita. Basi komisioneri, yaani dalali wa viwanja, aliponiambia amenipatia kiwanja mtaa wa Lac Vert, mita 15 kwa 20, si mbali na barabara ya Sake, na bei ni dola 3,800 kamili, nilikesha nikipanga mahali pa jiko. (Bei ililingana na kopo langu kwa sababu mimi mwenyewe nilimtajia kiasi nilicho nacho. Ujinga wangu.)

Tulifika saa sita mchana. Jua kali, upepo wa ziwa unapeperusha kitenge. Kwa mtu wa Goma kile kiwanja kilikuwa bahati. Wengi wetu tunajenga juu ya mawe ya volkano, shimo la choo peke yake linakula nyundo wiki tatu. Hapa kulikuwa na udongo, na kwenye kona ya chini palikuwa na kibonde kama bakuli, majani yake mabichi yakinifika magotini wakati kwingine kote kiangazi kilikuwa kimeshachoma kila kitu.

"Mama, hapa utapanda lengalenga mpaka uuzie majirani," komisioneri akasema.

Akatoa fishi, karatasi ya kiwanja, muhuri upo. Shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa, anajua, mwenye kuuza yuko tayari. Niache dola 500 tu leo, maana kuna mama mwingine anakuja saa tisa. Katika biashara ya viwanja vya Goma huyo mama wa saa tisa hafi, na hafiki.

Ng'ambo ya ukuta mfupi wa mawe alikaa bibi mmoja akichagua maharagwe kwenye ungo. Nikamsalimia, akaitikia vizuri. Nyuma yake mbuzi watatu walikuwa wamefungwa kwenye mawe makavu, wanatafuna maganda ya ndizi. Mimi ni mtu wa vitenge, sijafuga hata kuku. Lakini yale majani yalikuwa hatua kumi tu kutoka pale, na hayakuwa na alama ya jino hata moja.

"Koko, hawa mbuzi mbona hamuwaleti huku?"

Hakuniangalia mimi. Alimwangalia komisioneri, kisha akarudi kwenye maharagwe yake.

"Una watoto?"

"Watatu."

"Wa mwisho?"

"Ana miaka minne."

Simu ya komisioneri ikalia, akasogea kando kuisikiliza. Bibi akaongea bila kuinua kichwa: "Urudi kesho, mbele ya jua kutoka. Huyo usimwambie."

Zile dola 500 nilikuwa nazo, nimezifunga kwenye pindo la kitenge. Nikamwambia komisioneri nimezisahau nyumbani. Alinuna njia nzima.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nilimlipa motari, dereva wa pikipiki, mara mbili ya kawaida ili akubali kunipeleka. Kulikuwa kimya, hakuna upepo hata kidogo. Bibi alikuwa ananingoja na fimbo ndefu, amefunga majani makavu ya mgomba kwenye ncha yake. Akayawasha kwenye jiko lake la makaa, akanishika mkono mpaka ukingoni mwa kile kibonde. "Usishuke. Usiiname."

Akateremsha fimbo polepole. Usawa wa kifua, moto unawaka. Kiunoni, unawaka. Chini kidogo ya hapo ukanywea, ukazimika, kama mtu aliyezibwa mdomo. Na ule moshi, badala ya kupanda, ukatandaa ubapa ubapa, kama kitambaa kilichotandikwa juu ya meza isiyoonekana. Chini ya hiyo meza, kati ya majani, nikaona ndege mdogo amelala chali, na mijusi miwili.

"Mazuku," bibi akasema.

Neno nililijua. Hakuna mtoto wa Goma asiyelijua. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwetu huku chini ya volkano, nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, inajikusanya mabondeni kama maji. Lakini nililijua kama unavyojua jina la ugonjwa wa watu wengine. Sikujua kwamba ina saa zake: usiku na alfajiri, upepo ukitulia, inajaa, mchana jua na upepo vinaitawanya, bakuli linabaki tupu, mtu analetwa kuonyeshwa mahali pa kupanda lengalenga. Komisioneri alizijua saa hizo vizuri.

"Huyo wako wa mwisho anafika wapi?"

Nikaweka mkono kiunoni kwangu. Bibi akasogeza ile fimbo karibu nami, ncha yake nyeusi ikasimama sawasawa na kiganja changu. Kisha akaishusha tena kidogo, pale moto ulipozimikia. Tofauti ilikuwa upana wa vidole vitatu.

Nikamuuliza kama kuna aliyewahi kupatikana pale. "Mbuzi wawili," akasema. Alikawia kabla ya kusema hivyo, na mimi sikuongeza swali.

Tukanywa chai ya tangawizi. Ndipo nikajua kwamba mwenye kuuza ni mtoto wa shemeji yake. Na kwamba yeye, kama jirani wa mpaka, ndiye angeitwa kutia dole gumba kwenye karatasi ya mauzo, na siku kama hiyo majirani wa mpaka hawaondoki mikono mitupu: kreti ya soda, noti kidogo ya asante. Vyote alivitupa, na ugomvi wa familia akaubeba, kwa ajili ya mtu aliyemjua kwa salamu moja.

"Koko, kwa nini umeniambia?"

Alinishangaa. "Siku ya kilio ni nani angefika wa kwanza kwako? Si mimi?"

Komisioneri alinipigia simu wiki nzima. Sikupokea.

Nilinunua 2017, mtaa wa Ndosho, juu ya mawe matupu, na choo kilikula zile wiki tatu. Kabla ya kukutana na mwenye kuuza nilikwenda pale alfajiri, nikaenda jioni, nikaenda siku ya mvua, nikapiga hodi kwenye mageti manne. Mmoja alinifukuza akidhani ni mtu wa kodi. Mume wangu alisema nachumbia mtaa mzima. Kitu kinachoniuma ni kimoja tu: jirani bora niliyewahi kumpata ndiye niliyekataa kukaa karibu naye.

Kila mwaka mpya nampelekea kitenge. Mara ya mwisho nilikwenda na yule kitinda mimba, sasa ananipita bega. Kiwanja kina watu, nyumba yao ya mbao wameijenga juu kabisa, na kile kibonde wamekizungushia mawe.

"Niliwaambia," bibi akasema. "Wao walipunguziwa bei."

Mwanangu alikuwa ameegemea yale mawe, ameinamisha kichwa atazame ndani. Bibi alinyanyuka kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa umri wake, akamvuta kwa nyuma ya shati.