Hita za umeme wa usiku na boila la gesi, nilivyoishi na zote mbili Glasgow

Huu mwaka wa sita niko Glasgow, Scotland. Mitatu ya kwanza nilikaa fleti ya ghorofa ya 11 yenye hita za kuhifadhi joto, zile zinazokula umeme usiku, na mitatu hii niko nyumba ya gesi. Ndugu wengi wakitafuta nyumba huku wanaangalia kodi tu, hawaulizi nyumba inapashwa joto na nini, na mimi nilikuwa hivyohivyo.

Nilikabidhiwa funguo mwezi wa 11 na hakuna aliyenielekeza kitu. Nikakuta masanduku ya bati yamegandishwa ukutani, mazito huwezi hata kuyasogeza, juu yana vifundo viwili, kimoja kimeandikwa Input kingine Output. Nikazungusha vyote mpaka mwisho nikasubiri, wapi, saa 12 jioni nyumba ya baridi kama nje. Kesho yake nikanunua hita ya feni ya kuchomeka ukutani nikawa naiwasha masaa manne kila siku. Ile ni ya kilowati 2, kwa hiyo yuniti 8 kwa siku, na mita yangu ilikuwa ya bei mbili, Economy 7, mchana peni 30 usiku kama 15, yaani pauni 2.40 kila siku kwa kale kafeni peke yake, mwezi ni pauni 72. Bili ilipokuja nilikaa chini.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Mombasa anakaa ghorofa ya chini. Nilimwamkia kwenye lifti nikamweleza shida yangu, akapanda na mimi mpaka ndani, akaigusa ile hita, akaniambia, "Mwanangu, hii si ya kuwasha ukihisi baridi. Hii ni mtungi, wajaza usiku, wateka mchana." Ndani kumejaa matofali mazito, umeme wa bei nafuu unayachoma usiku kwa masaa saba, kwangu ilikuwa saa 6:30 usiku mpaka 1:30 asubuhi, halafu joto linatoka polepole kutwa nzima. Input ndo kiasi cha joto unachoweka kwa ajili ya kesho, Output ni kifuniko cha kulitoa, na ukikiacha wazi ukalala basi joto linaondoka hukohuko usiku, ikifika jioni huna kitu. Akaniambia pia niwe naangalia hali ya hewa ya kesho kabla sijalala, kukiwa na barafu napandisha Input, kukiwa na afadhali nashusha.

Baada ya hapo niliishi vizuri kabisa, na hili watu hawalisemi. Nilikuwa nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee, narudi saa 2 asubuhi nakuta hita ndo imetoka kujaa, nyumba ya moto, nalala mchana kwa raha, ikianza kupoa jioni mimi natoka kwenda kazini. Ile hita ilikuwa kama imetengenezwa kwa ratiba yangu.

Mke wangu na watoto walipokuja ndo mambo yakageuka, maana watoto wanarudi shule saa 9 alasiri, kuoga ni jioni, homework jioni, na jioni ndo mtungi umekwisha. Tukarudi kwenye feni kwa bei ya mchana, nguo tunaanika ndani, ukungu mweusi ukaanza kona ya chumba cha watoto na mdogo akawa anakohoa usiku. Hapo nikasema basi, tunahama.

Nyumba ya sasa ina boila la gesi, yaani mashine ya kupasha maji moto kwa gesi, na maji hayo yanazunguka kwenye radieta, yale mabati ya joto ya ukutani, kila chumba. Yuniti (kilowati-saa) ya gesi nalipa kama peni 6, ya umeme 24, kwa hiyo hata ukitoa joto linalopotea kwenye bomba la moshi bado gesi iko mbali kwa unafuu. Na unawasha saa unayotaka, nusu saa nyumba imebadilika. Nilishusha maji yanayokwenda kwenye radieta kutoka digrii 75 mpaka 60 na matumizi yakapungua, nyumba inachelewa kidogo tu kupata moto.

Ila gesi nayo ina mambo yake. Kuna hela ya kila siku unalipa hata usipowasha, nje ya ile ya umeme. Presha ya maji ndani yake ikishuka chini ya baa 1 (kipimo cha presha) boila langu linagoma, inabidi uongeze maji. Umeme ukikatika nalo linazima, maana pampu inategemea umeme. Na kengele ya kaboni monoksaidi usiikose, ile ni hewa ya sumu inayotoka gesi isipoungua vizuri, haina harufu, inaua watu wamelala. Mwenye nyumba anawajibika kuleta fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, kila mwaka, dai cheti ukione kwa macho yako.

Wiki iliyopita kijana wetu mmoja kapata fleti yenye zile hita za zamani akanipigia ana wasiwasi. Nikamuuliza kwanza, shifti yako ya saa ngapi? Akasema ya usiku. Nikamwambia chukua, na usinunue feni.