Vipande vya mfupa wa paja vinavyoachwa bila kuguswa

Swali ninaloulizwa zaidi na ndugu wa wagonjwa, wakiwa wameinua picha ya eksirei dirishani, ni hili: "Sista, mbona vipande bado vimeachana?" Vimeachwa hivyo kwa makusudi.

Mfupa wa paja ukivunjika vipande vingi, kama tunavyoona kwa waliopata ajali za bodaboda, damu inayovujia ndani ya paja yaweza kufikia lita 1 au zaidi. Damu hiyo ikishaganda, pamoja na nyama iliyoshikamana na vipande, ndiyo chimbuko la mfupa mpya. Zamani paja lilipasuliwa kwa urefu, kila kipande kikarudishwa mahali pake na kufungwa kwa bamba na skrubu. Picha ilipendeza, lakini vipande vilivyochunwa nyama vilikosa damu, na baadhi havikuunga kabisa.

Sasa msumari mrefu wa chuma hupitishwa katikati ya mfupa kupitia tundu dogo la nyongani au gotini, njia iliyoasisiwa na Mjerumani Gerhard Küntscher mwaka 1939, kisha hufungwa kwa skrubu juu na chini. Palipovunjika pakiwa karibu sana na goti, huenda bamba likatelezeshwa chini ya misuli. Kinachotafutwa ni urefu, unyoofu na mguu usiogeuka upande; ndiyo maana, kabla ya skrubu za mwisho, daktari makini husimama miguuni pa mgonjwa akalinganisha magoti na vidole vya pande zote mbili.

Ugumu ni kuona bila kupasua, kwani mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji ni ghali. Shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle wa Richland, Marekani, lilibuni msumari wenye fremu ya nje inayoelekeza skrubu bila mashine hiyo, na hapa Tanzania umetumika katika taasisi ya mifupa ya MOI, Muhimbili. Ni kweli kwamba bila mashine mara nyingi hulazimu kupasua kidogo penye mvunjiko, lakini kwangu hiyo bado ni nafuu kuliko kulazwa wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito.

Baada ya upasuaji, goti likunjwe mapema, hata kama ndugu wanamwonea mgonjwa huruma. Kukanyaga ni suala la daktari, maana penye vipande vingi chuma ndicho hubeba mzigo wote mpaka mfupa mpya ukomae, nacho kikielemewa huvunjika.