Fulu

Mwaka 2012 nilikwenda kisiwani Mayotte, jirani na Komoro, kumtazama shangazi yangu aliyeolewa Mamoudzou. Mimi mtoto wa Unguja, na wiki mbili za mwanzo kichwa kilinivimba. Kimaore, lugha ya wengi huko, nilikisikia kama Kiswahili kilichopinda kidogo tu: mbili ni mbili, tano ni tsano, kumi ni kumi. Nikawa najitapa kwamba kisiwa kile hakina lugha ya kunipiga chenga. Shangazi akanyamaza.

Jumamosi akanipakia kwenye teksi, tukaenda Chiconi kwenye harusi ya upande wa mumewe. Njiani bado Kimaore. Mbele kidogo tukashuka, na sikuambulia hata salamu. Uani wanawake walikuwa wanakuna nazi, maneno yanawatoka kama mvua juu ya bati.

Bibi mmoja akanisukumia pakacha, akanionyesha lundo la nazi. "Fulu," akasema. Nikatia sita, likajaa, nikamrudishia. Akatikisa kichwa. "Fulu!" Nikamwitikia: ndiyo bibi, limejaa, fulu. Akapaza sauti. Nikaipachika ya saba juu ili aone mwenyewe. Ikaporomoka, ikabingirika mpaka kwenye sinia la mchele.

"Kumi!" binti mmoja akaniokoa. "Anataka kumi!" Shangazi alicheka mpaka leso ikamdondoka.

Bibi akaniketisha, akanihesabia kwa kugonga nazi moja moja: telu, dimi, fitu, valu. Sikutambua hata moja. Lugha yao hiyo, Kibushi, ni Kimalagasi, lugha ya watu ambao wazee wetu waliita wa Bukini, yaani Madagaska, na chimbuko lake ni Borneo; mwanaisimu Otto Dahl alionyesha mwaka 1951 kwamba ndugu yake wa karibu ni Kimaanyan cha huko. Ndiyo maana fitu inakwenda na pitu ya Wajava, si na saba yetu, ambayo nayo tuliiazima kwa Waarabu.

Akapita jogoo. "Akuhu," bibi akasema. Kuku! Akanyoosha kidole kwa ng'ombe aliyefungwa mwembeni: "Aombi." Hapo nikapumua. Hesabu walikuja nazo kutoka ng'ambo ya bahari. Majina ya mifugo waliyachukua kwa watu wa kwetu.

Akanisukumia tena pakacha. Safari hii nilihesabu kwa sauti, wanawake wakinidakia kila nilipokwama. Nilipofika fulu, pakacha lilikuwa limejaa zamani, na nazi nne nimezikumbatia kifuani.