Pikipiki Sikuiuza

Katika miaka yangu kumi na mmoja ya kuendesha pikipiki nimepewa ushauri wa aina mbili tu, na zote mbili zimenikera kwa kiasi kilekile. Aina ya kwanza hutoka kwa wanaonipenda: uza chombo hicho kabla hakijakuua. Aina ya pili hutoka kwa waendeshaji wenzangu, hasa shemeji yangu, ambaye tangu siku niliyoleta pikipiki nyumbani hajachoka kunikaririshia kwamba ajali haina kinga, na kwamba kwa sababu hiyo kofia ngumu, glavu na makoti mazito ni mizigo ya watu wasioamini siku yao. Kati ya makundi hayo mawili hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza ni kitu gani hasa ninachokipenda katika kuendesha, na ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba hata mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza.

Lazima nikiri kwamba miaka mitatu ya kwanza nilikuwa upande wa shemeji. Niliendesha kwa kandambili na shati lililofunguliwa vifungo, kofia ikining'inia kwenye usukani kama pambo, nami hali hiyo niliiita uhuru. Nilipoanza kulegea, sikulegea kwa sababu ya ajali bali kwa sababu ya kero za mke wangu, kwa hiyo nilinunua kofia kwa shingo upande na nikaichagua kwa kigezo kibaya kuliko vyote: niliitaka isiyonibana. Ile niliyoipenda iliingia kichwani kwa wepesi wa kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto, muuzaji akaisifu, nami nikaondoka nikiwa na furaha ya mtu aliyepata usalama bila usumbufu.

Furaha hiyo ilidumu hadi siku nilipotaka kulipita lori nikiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 hivi kwa saa. Niligeuza kichwa kutazama nyuma ya bega langu, upepo ukaingia chini ya ukingo wa kofia, na niliporudisha uso mbele niligundua kwamba uso umerudi peke yake. Kofia ilibaki imeelekea pembeni. Jicho la kushoto lilikuwa linatazama sponji, la kulia lilikuwa linaona kipande cha barabara chenye upana wa kiganja, na mbele yangu, mahali fulani ambapo sikuweza kupaona, kulikuwa na lori. Niliachia usukani kwa mkono mmoja, nikashika kofia kidevuni na kuizungusha kama mtu anayefungua mtungi uliokaza, huku nikiimba kwa sauti jina la kila jamaa niliyemkumbuka. Nilipofika kando ya barabara na kuzima injini, niliona kwamba mkanda wa kidevuni ulikuwa umelegea kiasi cha kupitisha ngumi. Kofia ile ingeruka kabla yangu.

Tangu siku hiyo wauzaji wa kofia hawanipendi, kwa sababu siulizi rangi wala chapa kabla ya kufanya vituko vyangu. Kofia mpya inapaswa kukubana mashavu mpaka uonekane umejaza chakula mdomoni, na ukiizungusha ngozi ya uso inapaswa kwenda nayo. Baada ya kufunga mkanda, ninashika ukingo wa nyuma na kuivuta kofia kwa nguvu kuelekea mbele: ikitoka, si yangu, hata kama ni ya bure. Ganda la nje ndilo watu wanalolitazama, lakini kazi kubwa hufanywa na tabaka la povu gumu lililo ndani, ambalo husagika badala ya fuvu lako na likishasagika halirudi, ndiyo maana kofia iliyokwisha kupigwa mara moja haifai tena ingawa kwa nje inang'aa. Niliyonunua safari ya pili iliuma mfuko kwa miezi miwili mizima, na sijawahi kuijutia.

Shirika la Afya Duniani limewahi kusema kwamba kofia ya kufaa, ikivaliwa sawasawa, hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Nilimpelekea shemeji takwimu hizo nikiwa na kiburi cha mtu aliyekwisha kushinda, naye akajibu kwamba asilimia 42 si 100, kisha akaendelea kunywa chai. Ndipo nilipomsimulia habari za Hugh Cairns, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyekuwa miongoni mwa waliomhudumia T. E. Lawrence, afisa wa jeshi na mwandishi maarufu wa Uingereza, alipoanguka na pikipiki yake nchini humo mwaka 1935 bila kofia na kufa siku chache baadaye. Cairns hakuishia kuhuzunika. Alichunguza majeraha ya kichwa ya waendeshaji, akachapisha matokeo yake mwaka 1941, na jeshi la Uingereza likawalazimisha matarishi wake wa pikipiki kuvaa kofia. Kwa raia wa kawaida sheria ilisubiri hadi mwaka 1973, na miaka mitatu baadaye Masingasinga wanaovaa kilemba wakaruhusiwa kuendesha bila kofia. Shemeji alishikilia palepale kwenye kilemba na kusema kwamba kumbe hata Waingereza wanajua kuna mambo makubwa kuliko fuvu. Sikuwa na jibu, na kusema kweli sina hadi leo, kwa sababu ninaamini mtu mzima ana haki ya kujiamulia. Ninachokikataa ni kuambiwa kwamba hakuna cha kuamua kwa kuwa ajali haina kinga.

Baada ya kisa cha kofia niligeuka kuwa muumini mpya, na hakuna mtu anayechosha kama muumini mpya. Nilinunua koti la ngozi nene, suruali yenye pedi magotini, buti zilizopita kifundo cha mguu na glavu ngumu, nikavaa vyote kwa pamoja saa sita ya mchana katika msimu wa joto, nikaingia barabarani nikitembea kama jokofu lililoota miguu. Ilimradi pikipiki iko kwenye mwendo nilivumilia. Foleni iliposimama, joto la injini lilipanda kutoka kati ya mapaja, jua likashuka kutoka juu, na ngozi ya koti ikahakikisha kwamba vyote viwili vinakutana tumboni mwangu. Nilianza kuona taa za barabarani zikielea. Zilipowaka nyekundu nilisimama vizuri kabisa, nikashusha mguu, lakini buti mpya ilikuwa na soli nene ambayo sikuwa nimeizoea, mguu ukateleza, na mimi na pikipiki tukalala chini taratibu, kwa mwendo wa sifuri, mbele ya watu wote waliokuwa wakivuka. Kijana mmoja alikuja kuniinua akasema, "Pole sana, mzee, hata hukuwa unaenda." Nilikuwa na umri wa miaka 36. Sijui ni neno gani liliniuma zaidi.

Nilijikinga na lami nikalisahau jua, na kichwa kilichopikwa hakifanyi uamuzi mzuri hata kikiwa ndani ya kofia bora kuliko zote. Sasa joto likizidi ninavaa koti la wavu lenye pedi ngumu kwenye viwiko, mabega na mgongo, na chini yake fulana niliyoilowesha maji, ambayo upepo huigeuza kuwa kipoza joto kwa nusu saa au zaidi. Suruali ya kawaida ya jinzi siivai tena katika safari za mwendo mkubwa kwa kuwa pamba ikiburuzwa juu ya lami huchanika upesi mno.

Hata hivyo mavazi hayakujibu lile swali la uhuru, nami nilikuwa nimeanza kuhisi kwamba ninaendesha kwa niaba ya mke wangu. Hapo ndipo nilipopata hila ambayo ninajivunia kuliko yote. Kila wiki, kwa mwezi mmoja, nilijinyima jambo moja tu la barabarani, na usiku niliandika kwenye daftari kama nimelikosa. Wiki ya kwanza niliacha kupenya katikati ya magari yanayotembea. Ya pili niliacha kuvuka kilomita 80 kwa saa. Ya tatu niliacha kuendesha usiku. Ya nne niliacha safari zisizo na sababu, yaani kutoka alfajiri bila kujua ninakokwenda.

Kupenya sikukukosa hata siku moja. Kumbe nilikuwa nakufanya kwa hofu ya kuonekana mzembe. Mwendo niliukosa kwa siku mbili, kisha nikagundua kwamba nilichokuwa nakiita msisimko kilikuwa zaidi kelele, kwa sababu upepo unaovuma ndani ya kofia kwenye mwendo mkubwa una sauti ya kuharibu masikio. Nilipoweka vizibo laini vya masikio, nikafika niendako nikiwa sijachoka na honi nikizisikia vizuri kuliko zamani. Isitoshe, kutoka 40 hadi 80 mwendo huzidi mara mbili lakini umbali wa kusimama kwa breki huzidi mara nne, na kwenye 80 kila sekunde ninayopoteza kwa mshangao inakula mita 22. Usiku niliukosa kidogo. Wiki ya nne nilishindwa siku ya tatu. Niliamka alfajiri, nikakaa kitandani nikitazama dari, nikajua kwamba hicho ndicho nilichokinunua siku niliponunua pikipiki, na mengine yote yalikuwa nyongeza.

Breki ya mbele ni kisa kingine cha ushauri mbovu. Kila mtu aliniambia nisiiguse kwa kuwa itanirusha juu ya usukani, ilhali unapofunga breki uzito mwingi hukimbilia mbele na tairi la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. Kinachomrusha mtu ni kuinyakua ghafla. Nilitumia asubuhi kadhaa kwenye uwanja mtupu nikiibana polepole kama mtu anayekamua chungwa, nikianzia mwendo wa baiskeli, hadi vidole vikajifunza bila kuniuliza.

Ilibaki hofu ya mke wangu kuhusu safari zangu za alfajiri. Alitaka niwashe programu ya simu ya kumwonyesha nilipo, nami nikakataa, kwa kuwa safari inayofuatiliwa hatua kwa hatua imekwisha kuwa ya watu wawili. Tulibishana kwa wiki nzima kabla hatujaafikiana kwamba nitamwachia saa ya kurudi, si njia.

Jumapili iliyopita nilichelewa kwa dakika 20. Nilimkuta amesimama langoni, na kando yake shemeji akiwa amekwisha kuwasha pikipiki yake ili aje kunitafuta, amevaa kandambili na kichwa kitupu. Nilimshukuru kwa moyo wote, kisha nikamwambia azime kwanza.