Maua ya mvua za kwanza chini ya mparachichi

Nyuma ya nyumba yangu Uyole, Mbeya, kuna mparachichi mkubwa. Chini yake ukoka uligoma, na mawaridi ndiyo kabisa, maana yanataka jua. Jirani akanishauri nipasakafie. Mimi nilitaka maua yanayoishi miaka, si ya kupanda kila msimu.

Nikachagua ua la porini ambalo wengi tumeliona mvua zikianza: tufe jekundu juu ya bua moja nene, mara nyingine hata majani hayajakunjuka. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Ukilisogelea unaona si ua moja. Kichwa kimoja kinaweza kubeba vijiua hata 200, kila kimoja na nyuzi zake zenye ncha za njano. Kwao ni vichakani na misituni, kwa hiyo kivuli halikiogopi.

Matunguu yake, yaani mashina ya chini ya ardhi yaliyo kama vitunguu, nilinunua kitalu cha kando ya barabara. Kwenda kuchimbua Kitulo sikubaliani nako: ni hifadhi ya taifa, na wachimba chikanda, viazi vya okidi vinavyoliwa, wameshayatesa maua ya kule vya kutosha.

Mizizi ya mparachichi iko juujuu, hivyo sikulima. Nilipapasa nafasi kati ya mizizi, nikachimba vishimo, nikatia mboji na mchanga kidogo, nikafukia tunguu shingo ikibaki usawa wa ardhi. Majani yanayodondoka huwa nayaacha yaoze palepale.

Shughuli iko kiangazi. Mvua zikikatika Mei, majani yanageuka njano na kunyauka, na mwenye mpira wa maji hushikwa na huruma. Mimi simwagilii. Tunguu limelala, likilowana kwenye baridi ya Juni na Julai, linaoza. Nimechomeka vijiti kuonyesha yalipo, la sivyo yangeshang'olewa.

“Shikamoo mama. Hapa pamekufa, nipande mchicha?” aliniuliza kijana anayenisaidia kufagia.

“Marahaba mwanangu. Hapajafa, paache hivyohivyo.”

Novemba vichomozo vikajitokeza kwenye majani yaliyooza. Upande unaopata jua la asubuhi hutangulia, karibu na shina huchelewa. Konokono ndio kero. Nawaokota usiku kwa tochi. Mbuzi namfunga mbali, kwa kuwa tunguu lina sumu. Jirani wa sakafu sasa anaomba mbegu. Nimemwambia asubiri majani yalale, ndipo nimgawie matunguu machanga.