Kumchagulia beta wenzake wa tangi moja

Swali ninaloulizwa mara kwa mara na wafugaji wa beta, samaki mdogo wa mapambo, ni hili: nimwekee samaki gani ili asikae mpweke? Kabla ya kutaja jina la samaki yeyote, naona ni haki kusema wazi kwamba dume la beta halisumbuliwi na upweke. Ni samaki wa kulinda eneo, na asili yake ni maji yaliyotulia na kujaa majani ya Thailand na nchi jirani, ambako kila dume hujishikia sehemu yake na kumfukuza mwenzake anayeisogelea. Mfugaji anayemweka peke yake katika tangi la lita 20 au zaidi, lenye joto la kutosha, mimea na chujio lisilosukuma maji kwa nguvu, hajamnyima kitu. Wenzake tunamtafutia kwa sababu sisi ndio tunaopenda kuona uhai mwingi ndani ya maji, na kwa kuwa hamu hiyo ni yetu, wajibu wa kuchagua vizuri nao ni wetu.

Watu wengi huuliza beta atamuumiza nani, wala hawaulizi ni nani atakayemuumiza yeye. Beta wa mapambo wamezalishwa kwa vizazi vingi ili wawe na rangi kali na mapezi mapana, na kwa wale wa mapezi marefu mkia huwa mzito kama vazi refu lililolowa maji, kiasi kwamba hawawezi kumkimbia samaki mwepesi. Kwa hiyo huwa nawaondoa kwenye orodha, bila mjadala, samaki wote wenye tabia ya kudonoa mapezi, na wa kwanza kabisa ni Puntigrus tetrazona, yule mdogo mchangamfu mwenye mistari minne myeusi mwilini. Uharibifu wa namna hii huanza kwa dalili ndogo: ukingo wa mkia uliokuwa umenyooka jana unaonekana leo asubuhi una vipengo vidogo, na beta amejificha nyuma ya chujio, mapezi ameyakunja. (Wapo beta wanaojing'ata mkia wenyewe, kwa hiyo ni vyema kukaa na kutazama kwanza kabla ya kumlaumu jirani.)

Kwa upande wake, beta humshambulia zaidi yule anayefanana naye. Dume la gapi, kwa mkia wake mpana na rangi zake, huonekana machoni pake kama mshindani. Gurami ni ndugu zake wa karibu, nao huvuta hewa juu ya uso wa maji kama yeye na kugombea tabaka lilelile la juu. Madume mawili ya beta hayawekwi pamoja hata kidogo, na hata kundi la majike mimi silishauri, kwa kuwa utulivu wake huvunjika ghafla. Samaki wa dhahabu hafai kwa sababu nyingine kabisa: yeye hustawi katika maji ya baridi zaidi, hukua sana na huchafua maji haraka, ilhali beta huhitaji nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi.

Wanaobaki ni samaki wadogo, wapole, wenye mapezi mafupi, hasa wale wasioishi juu. Rasbora wa jamii ya Trigonostigma wanafaa sana, na vilevile tetra wadogo wa rangi ya kaa la moto, Hyphessobrycon amandae, ambao hawazidi sana sentimeta 2. Wote hawa wawekwe katika kundi la wanane au zaidi, maana wakiwa wachache huwa na hofu. Tangi la lita 40 ni dogo kwa mpango huu. Lita 60 humpa kila mmoja nafasi ya kupisha.

Chini kabisa ni makazi ya koridora, kambare wadogo wenye sharubu fupi, ambao nawapenda kuliko wote. Wanahitaji kundi la sita au zaidi na mchanga laini, kwa kuwa changarawe yenye ncha huwaumiza sharubu, na katika joto linalomfaa beta, koridora wa aina ya Sterba ndio wanaovumilia vizuri. Hata hivyo, vita vyao na beta huwa ni vya chakula. Kidonge cha kuzama kinapotua mchangani, beta hushuka, hukikodolea macho kwa kuinamisha kichwa, kisha hukimega mpaka tumbo lake livimbe, na koridora hubaki wakipekua mchanga mtupu. Dawa yake ni kumlisha beta kwanza upande mmoja wa tangi, kisha kudondosha vidonge upande wa pili baada ya kuzima taa.

Konokono wa jamii ya nerite hawana shida, na mayai yao hayaanguliwi katika maji yasiyo na chumvi. Kamba wadogo wekundu ni bahati nasibu: beta mmoja huwapuuza, mwingine huwala wote, kwani tabia hutofautiana sana kati ya beta na beta.

Samaki wageni hukaa karantini wiki mbili hadi nne, kisha huingia tangini kabla ya beta, ili wasimkute tayari amelimiliki eneo. Beta kutanua vifuniko vya matamvua kwa siku za mwanzo si jambo la kutisha; kumfukuza samaki mmoja bila kumpa nafasi ya kula ni jambo la kumtenganisha siku hiyohiyo, na kwa sababu hiyo tangi la akiba, lenye chujio lililokwisha kuota bakteria wanaosafisha maji, liwe tayari kabla hujanunua samaki wa pili.