Vumbi na chenga ndani ya kikombe kimoja

Miaka miwili nzima nimekuwa nikiwalaumu wakaangaji wa kahawa. Kila pakiti niliyofungua hapa Pangani, Nairobi, hata ile ya buni za Nyeri daraja la AA, zile za punje kubwa, ilinipa kikombe kilekile: mwanzo ukakasi wa embe bichi, mwisho uchungu unaoganda kooni. Nikabadilisha maji, nikabadilisha karatasi za kuchujia. Mashine ya kusagia sikuigusa. Kwangu kusaga kulikuwa kusaga tu.

Ilikuwa ile ya visu, inayozunguka kama blenda. Jumamosi moja nikasaga gramu 15, nikazimimina kwenye chujio la chai na kulitikisa juu ya sahani nyeupe. Chini likaanguka vumbi laini kama unga wa ngano. Juu zikabaki chenga, nyingine nusu punje. Visu havisagi, vinakatakata: buni iliyo karibu inapigwa tena na tena, ya pembeni haijaguswa. Maji yakipita, vumbi linatoa kila kitu, uchungu ukiwemo, na chenga zinatoa uchachu wa juujuu tu. Wewe unavinywa vyote viwili pamoja. Tena vumbi linaziba karatasi. Kahawa yangu ilikuwa ikidondoka karibu dakika tano.

Bibi yangu Mombasa alitwanga yake kwa kinu na mchi, nayo haikuwa sawasawa hata kidogo. Lakini ile ilichemshwa kwa tangawizi, ikaachwa itulie, vumbi likatuama. Kahawa ya kuchuja haikupi nafasi hiyo.

Nikanunua mashine ya mkono yenye meno ya chuma. Humo buni haitoki mpaka iwe ndogo kuliko mwanya ulio kati ya meno, na mwanya huo unaupanga mwenyewe. Mkono unachoka, sikatai, ila stima ikipotea bado nakunywa kahawa.

Buni zilezile, gramu 15, maji gramu 240. (Kwa mwinuko wa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, joto linaloifaa kahawa, kwa hiyo usiyangoje yapoe.) Dakika tatu, kwisha. Uchachu ulikuwepo, lakini safari hii ulikuja na utamu wake, kama zambarau iliyoiva, na kooni hakukubaki kitu.

Kama unayo ya visu, usiitupe. Bonyeza kidogokidogo, itikise kila mara, kisha chekecha vumbi ulitoe. Utaona tofauti siku hiyohiyo.

Jirani yangu Mama Njeri ni binti wa mkulima wa kahawa, Othaya, na amelelewa kwa chai. Nilimpa kikombe bila maziwa wala sukari. Akanywa, akakiangalia, akanywa tena.

“Mama Salma, hii ndio ile tulikuwa tunachuma?”

Kikombe cha pili alisaga mwenyewe.